Safari, Mgomo na Wasiwasi

Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, wakidai michango ya akiba yao ya uzeeni na malimbikizo ya mishahara. Maelfu ya abiria wakakwama, hata mahakama ikaamuru marubani warejee kazini tarehe 9. Na tarehe 11 Septemba 2024 wakagoma wafanyakazi wa kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi.

Basi aliye Kilwa Kisiwani, ambaye hana budi avuke kwa mashua hadi Masoko, kisha ashike njia ya kilomita zipatazo 300 hadi Dar es Salaam, afanyeje asikiapo habari kama hizo?

Wazee wetu walijua kungoja. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 kwa pepo za msimu, na aliyekosa pepo hizo alikaa miezi. Lakini kaskazi na kusi zina majira yake, mgomo hauna.

Kwa hiyo yatupasa tumfunge ngamia kwanza, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfunza mtu mmoja, ndipo tutawakali. Tuulize habari kabla ya kuvuka maji. Tufike mjini siku moja au mbili mbele. Tuweke fedha ya malazi, wala tiketi tusiitupe, maana ndiyo hoja yetu ya kudai. Wala tusiwatukane wagomao: abiria ana haki ya safari yake, na mfanyakazi ana haki ya ujira wake.

Aliyekwisha kufanya hayo na alale. Wasiwasi haurushi ndege.