Mchezo Nao Ni Darasa

Wako wasemao kuwa mchezo wa mezani hauna siasa. Hoja hiyo ni potofu. Mwaka 1904 Bibi Elizabeth Magie wa Marekani alipewa hataza ya mchezo uliokusudia kufichua dhuluma ya wamiliki wa ardhi. Kutokana nao ilizaliwa Monopoly, iliyolipindua somo: mtoto hujifanya mwenye nyumba, na hushinda kwa kuwafilisi wenzake. Je, hilo ndilo funzo limfaalo mtoto wa mpangaji wa Temeke au Kinondoni, katika nchi iliyotaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971?

Wengine watajibu: tunazo ngonjera. Kweli, Mathias Mnyampala alizitumia kueneza Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lakini katika ngonjera mpinzani aghalabu hushindwa kabla hajafungua kinywa, kwa kuwa beti zake zimekwisha andikwa.

Ndugu walimu, waketisheni wanafunzi mezani. Mmoja awe mkulima, wa pili mlanguzi, wa tatu katibu wa ushirika; wabishanie bei ya pamba, na mwisho usijulikane. Mlanguzi naye aachwe ajitetee kwa dhati. Elimu ya Kujitegemea ilidai akili ya kudadisi, si ya kasuku. Ujamaa uogopao kushindwa mezani hautashinda shambani.