Ndege Si "Ndege" Tu: Somo Kutoka Majaruba ya Wang'uru

Katika kazi nyingi tunazozihakiki darasani, ndege huruka, hulia na kutua pasipo kutajwa jina. Atajwaye kwa jina huwa ishara tu: njiwa wa amani, bundi wa mikosi, tausi wa urembo. Nasi wahakiki huridhika. Rai yangu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kujifunza kuwatambua ndege wa mazingira yake, na kwamba kamera yaweza kumfaa kama daftari la utafiti wa msamiati.

Fikra hii ilinijia Wang'uru, mji uliozungukwa na mpunga wa Mwea, nilipotembea juu ya matuta ya majaruba nikiwa na kamera ya kuazima. Niliwapiga picha ndege wawili weupe, nikawapa jina moja: yangeyange. Nilipozikuza picha hizo niligundua kosa langu. Mmoja alikuwa na mdomo mfupi wa manjano. Ndiye yule awafuataye ng'ombe akidona wadudu. Wa pili alikuwa na mdomo mweusi na miguu myeusi. Vidole vyake vya manjano vilionekana tu aliporuka kutoka topeni. Kamusi nilizo nazo hazikunisaidia kuwatenganisha, kwani vidahizo vingi vya ndege huishia kwenye maelezo "aina ya ndege".

Kijana aliyekuwa akiamia mpunga aliitazama picha ya pili akaniuliza, "Mwalimu, huyu naye hula mpunga?" Nilimjibu kwamba hula samaki, vyura na wadudu. "Basi nimekuwa nikimrushia udongo bure," akasema.

Huenda msomaji akasema kuwa hiyo ni kazi ya wanabiolojia. La hasha! Kiswahili kina msamiati mzuri wa kumfukuza ndege: kuamia, ulingo, teo. Tulichopungukiwa ni msamiati wa kumjua. Sikatai kwamba kweleakwelea humtia mkulima hasara kubwa. Hata hivyo, walipovamia mpunga wa Kisumu na kunyunyiziwa fenthioni mnamo Januari 2023, sumu iliyotumiwa ni ile isiyochagua. Yaweza kumdhuru hata kipanga amlaye kweleakwelea aliyekwisha kufa. Katika hali kama hiyo, istilahi "ndege waharibifu" huwaweka wenye hatia na wasio na hatia katika kapu moja.

Chukua mfano mwingine. Katika vichaka vya mabonde ya Mwea na Kianyaga huishi ndege mwenye macho mekundu, atembeaye kwa makundi madogo, ambaye hapatikani popote duniani ila Kenya. Jina lake la kisayansi, Turdoides hindei, linamkumbuka Hinde wa enzi za ukoloni. Mabaka ya manyoya yake hutofautiana baina ya ndege na ndege, hivi kwamba picha moja haitoshi kumtambulisha. Sharti pia usikilize kelele za kundi lake. Vichaka anavyovitegemea hufyekwa ili kupisha mashamba. Je, tutamteteaje kwa Kiswahili kiumbe tusiyeweza kumwita?

Ni kweli kwamba majina mengi ya ndege katika Kiswahili yalizaliwa pwani. Tiba yake si kubuni istilahi tukiwa tumeketi maktabani, bali ni kuwaendea wasemaji wa Kigikuyu, Kiembu, Kimbeere na Kikamba, ambao wamewaita ndege hawa kwa majina tangu jadi.

Napendekeza, basi, kila mwanachama arejeapo nyumbani likizoni akusanye ndege kumi: picha, mahali, tarehe, sauti, chakula na jina la wenyeji. Wahadhiri wetu nao waikubali kazi hiyo kama mradi halali wa leksikografia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukishirikiana, mwamiaji wa Wang'uru atakapouliza tena, tutakuwa na jina la kumpa, naye atajua ni nani wa kumrushia udongo na ni nani wa kumwacha.