Mtoto Hakufeli, Kipimo Ndicho Kilichofeli

Leo naweka programu kando kwa sababu nina hasira.

Juzi dada yangu alimpeleka bintiye wa miaka minne kuhojiwa kabla ya kuingia chekechea hapa Longisa. Akawekewa tableti mbele yake na kuulizwa kwa Kiingereza: gusa pembetatu, taja rangi, eleza picha. Mtoto akainamisha kichwa, kimya. Jibu likatoka: "Huyu bado mzito. Mnunulieni tableti azoee."

Mzito? Mpwa wangu akitumwa vikombe na kogo wake, huwatazama wageni kwanza, kisha huleta vikombe vinavyowatosha. Idadi ameibeba kichwani mpaka jikoni na kurudi nayo bila kuipoteza. Kama huko si kufikiri, nielezeni kufikiri ni nini!

Na jambo hili si geni. Miaka ya 1970 watafiti wawili wa Marekani, Sara Harkness na Charles Super, walifanya utafiti kwa Wakipsigis katika jamii ya Kokwet. Waliona kwamba mtoto akiambiwa na mtu mzima arudie hadithi aliyosimuliwa, mara nyingi hunyamaza. Hawakusema ni mjinga. Walieleza kuwa nyumbani amelelewa kusikiliza na kutii, si kumsimulia mkubwa hadithi. Waliandika pia kuhusu neno letu ng'om, yaani mwenye akili: kuna ng'om en gaa, wa nyumbani, na ng'om en sukul, wa shuleni. Yule wa nyumbani huona kazi na kuifanya bila kusukumwa.

Sisi waandika programu tunalijua hili. Programu ya Windows ikikataa kwenye Linux, huilaumu programu. Unaangalia umeijaribu wapi.

Mtaniuliza: si wewe uliyeandika programu ya watoto ya kuhesabu maembe? Ni mimi. Nilimpa huyu huyu. Siku ya tatu akagundua kwamba ukigusa majibu yote matatu haraka haraka, lile sahihi lazima liwake. Akajaza nyota skrini nzima bila kuhesabu hata embe moja. Programu yangu ilipima vidole, nami nikadhani inapima akili.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Hata mpango wa serikali wa tableti wa 2016 ulianzia darasa la kwanza, si chekechea. Na mtaala wetu wenyewe unataka mtoto wa umri huu afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Kwa nini basi ahojiwe kwa Kiingereza?

Sisemi asifundishwe kujibu maswali. Shule ina maswali, na atayahitaji. Lakini hiyo ndiyo kazi ya chekechea. Kitu kinachofundishwa ndani hakiwezi kugeuzwa kufuli la mlangoni.

Dada alikuwa ameanza kuchanga pesa za tableti. Nimemsihi aziweke. Jumatatu tunarudi shuleni pamoja, na ombi langu kwa mwalimu ni moja tu: amwulize kwa Kikipsigis, halafu amtume vikombe.