Bahasha Iliyoandikwa 2×2×5

 

Leo ni sehemu ya nne ya mfululizo wetu wa dawa za watoto. Tumeshaongea homa, tukaongea kuhara, tukaongea minyoo. Leo ni zamu ya antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria: amoksilini, azithromaisini na wenzao. Mmeniomba muda mrefu. Nimechelewa kwa sababu hadithi yake inaanza na kosa langu mwenyewe, na si rahisi kuliandika hapa. Ni ndefu, nimeigawa vipande. Soma mtoto akishalala.

1.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu kwenye zahanati moja. Akaja mama kijana na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Kikohozi, homa, mafua. Nikamfunua mtoto kifua, nikahesabu pumzi dakika nzima: 46. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia ni za haraka. Ukichanganya na kikohozi, tunatibu nimonia. Dalili za hatari hakuwa nazo. Uzito kilo 11.

Nikampa vidonge vya amoksilini vya watoto, vile vya miligramu 250 vinavyoyeyuka kwenye maji. Viwili asubuhi, viwili jioni, kwa siku tano. Jumla vidonge 20. Nikavitia kwenye bahasha, nikaandika juu yake 2×2×5, nikamkabidhi. "Mpe vizuri mama, hakikisha anamaliza dozi." Akaitikia, "Sawa nesi," akaondoka. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Siku ya nne wakarudi. Mtoto anapumua mpaka kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu, hanyonyi, hana nguvu hata ya kulia. Na mimi, bila aibu, nikaanza kwa ukali: "Mama, dawa hukumpa?"

Akafungua mkoba, akatoa bahasha yangu. "Nesi, nimempa kama ulivyoandika."

Ndani kulikuwa na vidonge 16.

Alikuwa amesoma hivi: mbili ya kwanza, vidonge viwili. Mbili ya pili, siku mbili. Na ile tano? "Si umemaanisha mtoto wa chini ya miaka mitano?" Akampa viwili kila asubuhi, siku mbili. Homa ikapungua, akashukuru Mungu, vilivyobaki akaviweka akiba.

Tulimchoma mtoto sindano ya kwanza, tukampa rufaa. Huko alikokwenda wakamwekea oksijeni, akalazwa siku kadhaa. Alipona. Lakini kuna usiku mmoja pale katikati ambao mama yake hakujua kama kutakucha akiwa na mwanawe, na mwandiko uliomfikisha pale ulikuwa wangu.

2.

Sasa nasema msimamo wangu, na najua baadhi ya wenzangu wa kada hii hawataupenda.

Tunapenda kusema wamama hawasikii. Wamama wakaidi. Wamama wanakatisha dozi. Ni kweli wapo wanaokatisha, nitafika huko. Lakini yule mama hakukatisha kitu. Alimaliza dozi aliyoielewa. Sisi tuliojifunza darasani miaka mitatu tunajua kwamba 2×2×5 ni kiasi, mara kwa siku, na idadi ya siku. Yeye nani alimfundisha?

Kwa hiyo mimi siku hizi naamini hivi: dawa haijatolewa mpaka mama ameieleza kwa mdomo wake. Kukabidhi bahasha na kusema "umenielewa?" hakutoshi. Ukimuuliza mtu "umenielewa?" mbele ya foleni, atasema ndiyo. Nani atasema hapana watu ishirini wakimtazama mgongoni? Muulize hivi: "Haya mama, nieleze, ukifika nyumbani leo jioni unampaje?" Akikosea, unamrekebisha palepale. Na kwenye bahasha andika maneno: viwili asubuhi, viwili jioni, siku tano.

Najua mtaniambia nini. Nesi mmoja, wagonjwa sitini, hiyo dakika ya maelezo inatoka wapi? Nawaelewa, nimekuwa pale. Lakini yule mtoto aliporudi alituchukua asubuhi nzima, na kwa mama yake alichukua zaidi ya hapo.

3.

Sawa, hiyo ni kazi yetu. Ila mama zangu, siwezi kuwaambia mkae msubiri manesi wote wabadilike. Kwa hiyo msiondoke dirishani, iwe zahanati, famasi au duka la dawa muhimu, kabla hamjapata majibu ya haya matano:

Inatibu nini? 
Kila dozi ni kiasi gani, na napimia nini? 
Saa ngapi na saa ngapi? 
Kwa siku ngapi? 
Nikiona nini nirudi haraka?

Na wewe kabla ya kuuliza, sema yako: kama mtoto aliwahi kuvimba au kutoka vipele baada ya dawa, kama kuna dawa nyingine anatumia. Kama mgonjwa ni wewe, sema una mimba au unanyonyesha. Usisubiri kuulizwa. Zipo antibiotiki salama kwako na zipo ambazo tunazikwepa, ila sura yako haituambii kitu.

Akikukunjia uso, mkunjie tabasamu, uliza tena. Hujaomba hisani. Mtoto ni wako.

4.

Tuje kwenye dawa ya maji, maana hapa ndipo makosa mengi yalipo.

Chupa nyingi zinakuja na unga. Unga ule hauchotwi na kijiko. Tikisa chupa kwanza ili unga uachane. Tia maji safi yaliyochemshwa YAKAPOA, sio ya moto, mpaka karibu nusu. Tikisa. Acha povu litulie, ongeza mpaka kwenye alama, tikisa tena. Ukizidisha maji, dawa inakuwa nyepesi. Ukipunguza, inakuwa kali. Njia rahisi kuliko zote: mwombe mtoa dawa aichanganye mbele yako, au akuonyeshe mstari wa kuishia.

Baada ya hapo tikisa kila unapotaka kumpa. Dawa huzama chini. Usipotikisa, siku za mwanzo anakunywa maji yenye sukari na siku za mwisho anapewa dawa nzito.

Kijiko cha jikoni hapana. Mililita 5 za dawa ni mililita 5, lakini kijiko chako cha chai na cha jirani havilingani. Tumia kifuniko au kijiko chenye alama kilichokuja na chupa, au omba bomba la sindano lisilo na sindano. Hilo ni zuri hata kwa wadogo: unapenyeza pembeni mwa shavu polepole, hapaliwi.

Halafu soma namba kwenye lebo. Amoksilini ya maji ipo yenye miligramu 125 kwa mililita 5, na ipo yenye 250 kwa mililita 5. Chupa zinafanana. Kama mwezi uliopita mtoto alipewa kijiko kimoja cha ile hafifu, leo ukimpa kijiko kimoja cha ile kali umemzidishia mara mbili. Ndiyo maana nakataa mtu kuniandikia inbox "Nesi, amoksi nampa vijiko vingapi?" Sijui chupa yako, sijui kilo za mwanao. Dozi ya mtoto inatokana na uzito, hivyo apimwe.

5.

Saa. Mara mbili kwa siku ni kila baada ya saa 12: saa moja asubuhi, saa moja usiku. Mara tatu ni kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukimpa asubuhi, saa sita na saa kumi jioni, usiku kucha dawa imepungua mwilini na wadudu wanapumua.

Umesahau? Mpe unapokumbuka. Kama muda wa dozi inayofuata umekaribia, ruka uliyosahau, endelea na ratiba. Usimpe mbili kwa mpigo kufidia.

Ametapika ndani ya nusu saa tangu ameze? Rudia dozi. Akitapika kila kitu, rudi kituoni, hiyo ni dalili ya hatari.

Ameharisha kidogo? Hutokea na antibiotiki nyingi. Mnyonyeshe, mpe vya kunywa kwa wingi. Kuharisha kukizidi au kukiwa na damu, njoo. Lakini akivimba midomo au uso, akitoka mabaka yanayowasha mwili mzima, au akipumua kwa shida, acha dawa na ukimbie hospitali saa hiyohiyo. Hapo hakuna kusubiri baba arudi kazini.

Na hata kama unampa vizuri, ikifika siku ya tatu huoni nafuu, mrudishe. Kabla ya hapo, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, akilegea au kifua kikibonyea, mrudishe hata kama ni usiku.

6.

Sasa "maliza dozi". Tunaisema kila siku, na nayo tunaisema vibaya.

Dozi ni siku ulizoandikiwa, sio chupa. Fanya hesabu: mililita 5 mara mbili kwa siku tano ni mililita 50. Chupa ina mililita 100. Nusu itabaki, na umemaliza dozi kabisa. Kuna mama aliendelea kumpa mwanawe siku kumi kwa sababu aliambiwa "maliza" na chupa ilikuwa bado ina dawa. Hakukosea yeye.

Hiyo inayobaki si akiba. Dawa ya unga ikishatiwa maji ina umri mfupi. Nyingi ni siku 7, baadhi hufika 14, na nyingine lazima zikae kwenye friji. Soma lebo, au umwombe mtoa dawa akusomee. Huna friji? Sema hapohapo dirishani, huenda ukapewa vidonge vya kuyeyusha, ambavyo havina shida hiyo. Kikishapita kipindi chake, usimpe mtoto mwingine, usimpelekee shemeji. Irudishe kituoni au duka la dawa waiteketeze.

Vilevile kukatisha kwa sababu homa imeshuka ni hatari. Homa hushuka bakteria wakiwa wamepungua, sio wamekwisha. Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwenyewe mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel: dozi pungufu huwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Huo ndio usugu tunaouhangaikia leo. Unaona mtoto anapewa dawa iliyowaponya wengine mwaka jana, na safari hii haishiki.

7.

Najua pia kuna wanaokatisha kwa sababu ya mfuko. Unaenda dukani: "Nipe za elfu moja." Unapewa vidonge sita, unaondoka. Sikulaumu, hela haiokotwi. Ila ukweli ni kwamba dozi nusu ni hela iliyotupwa yote. Mwambie mtoa dawa una shilingi ngapi, muulize kama ipo ya bei nafuu ya aina ileile. Amoksilini ya kawaida mara nyingi ni rahisi kuliko zile zenye boksi la kung'aa, na kwa nimonia ya kawaida ya mtoto ndiyo tunayoanza nayo.

Na mara nyingine utaokoa hela yote, kwa sababu haihitajiki kabisa. Mafua na vikohozi vingi vinaletwa na virusi, na antibiotiki haigusi virusi. Kuhara kwa maji kunahitaji ORS na zinki. Ukienda kituoni ukaambiwa "huyu hahitaji antibiotiki", usione umedharauliwa ukapita duka la pili kununua bila cheti. Amepimwa, amehesabiwa pumzi, ameonekana hana nimonia. Hiyo nayo ni tiba.

8.

Yule mama nilikutana naye tena kliniki, kwenye mzani. Mtoto amenenepa, anavuta stetoskopu yangu. Nikamwomba msamaha. Akacheka, akasema, "Nesi, mimi nilijua ndiyo ninavyojua kusoma vibaya." Ile kauli imenikaa mpaka leo. Miezi yote hiyo alikuwa anajilaumu yeye.

Kwa hiyo manesi wenzangu, kesho andikeni maneno, mwacheni mama aeleze. Na wewe mama, hata usipoulizwa, sema mwenyewe kwa sauti: "Nesi, ngoja nikurudishie nione kama nimeelewa." Na kwa baba: bahasha ikifika nyumbani, isome na wewe, maana kuna siku mama atakuwa sokoni na saa ya dawa itafika.

Sehemu ya tano nitaongelea dawa za maumivu. Usiku mwema, wabusuni watoto.