"Njoo Inboksi" Si Bei

Ukitangaza leo mjini Bujumbura kwamba unaanza kuuza nguo kwa simu, utapata washauri kabla ya kupata mteja. Shangazi ana lake, jirani ana lake, na vijana wanaouza laivu usiku wana yao, tena wanayasema kwa uhakika wa ajabu. Sehemu kubwa ya ushauri huo ni desturi za mezani sokoni zilizohamishiwa kwenye simu bila kurekebishwa. Si ajabu, maana wengi wetu tulijifunza biashara sokoni, na hata lilipoungua soko kuu tarehe 27 Januari 2013 wauzaji walitawanyika kwenye masoko mengine, Ruvumera, Cotebu, Kwa Siyoni, na desturi zao zilezile.

Lakini Ruvumera mteja anaishika nguo. Anavuta mshono, anakagua kwapa, anaipima kiunoni juu ya aliyoivaa, anauliza "hii haichuji?" huku ameshalowesha kidole kwa mate kujihakikishia. Kwenye simu mkono huo haupo. Kazi yake yote imeachiwa bei uliyoandika na picha uliyopiga. Ukilielewa hilo, ushauri mwingi unaosambazwa unaporomoka wenyewe. Nianze na ulioenea kuliko wote.

"Usiandike bei, waambie waje inboksi."

Watetezi wake wana hoja tatu. Ukiweka bei hadharani mshindani ataiona na kukata elfu moja chini yako. Mteja akishakuandikia umeshamnasa. Na wale wakweli zaidi wanakiri kwamba wanataka kwanza kutazama picha ya mtu, waone anaishi vipi, ndipo wataje bei.

Hii ya tatu ndiyo inayoziua hizo mbili. Mnunuzi wa hapa anaijua mbinu hiyo tangu utotoni. Sokoni muuzaji hutazama viatu vyako kabla ya kujibu "bei gani?", ndiyo maana mwenye viatu vizuri humtuma mdogo wake akanunue. Akikuta "bei inboksi" anaelewa papo hapo kwamba bei itapangwa kwa sura yake. Hagombani na wewe. Anapita tu, kwa kuwa chini ya picha yako kuna nyingine kumi.

Mshindani naye hujamficha kitu. Akitaka bei yako ataiomba kama mteja, kwa simu ya binamu yake, nawe utamjibu kwa adabu zote na kumwita dada. Kuhusu kumnasa mteja, jaribu kuhesabu muda. Kila "bei?" inadai jibu, na jibu linadai mega, chaji na mtu aliye macho. Umeme ukikatika mtaani kwako saa moja jioni, wakati ambao watu wametoka kazini na ndio kwanza wameshika simu, maswali yote ya jioni hiyo yatajibiwa kesho asubuhi. Kesho asubuhi dada aliyeulizia gauni la Jumamosi ameshanunua la mwingine. Bei iliyoandikwa ingemjibu hata wewe ukiwa gizani.

Nakubali jambo moja. Kuna vitu visivyo na bei moja: kukodisha mavazi ya imvutano ya harusi, ambako inategemea ni wasichana wangapi wa kuvishwa na kwa siku ngapi, au kushona kitenge kwa vipimo vya mtu. Hata hapo andika "kuanzia" na tarakimu yake.

"Anza na bei ya chini kabisa. Wakishazoea, utapandisha."

Wakishazoea nini? Watazoea bei ya chini, na siku ukipandisha watasema umevimba kichwa. Ila kosa kubwa la ushauri huu ni kwamba anayeufuata kwa kawaida hajui hata chini yake iko wapi. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme umenunua magauni 20 Kariakoo, Dar es Salaam, na ukibadilisha shilingi kuwa faranga umetoa 400,000. Utasikia watu wakisema, "Limenigharimu elfu ishirini." Ongeza nauli, ushuru na wa kubeba mzigo mpaka mtaani kwako Buyenzi, tuseme 100,000. Sasa ni 25,000 kila moja. Kisha fungua mzigo: moja lina doa, jingine zipu imekufa, la tatu kola imetoboka. Hayo matatu utayatoa kwa bei yoyote au utampa mdogo wako. Gharama yote ya 500,000 imebaki mgongoni mwa magauni 17, na kila moja ni zaidi ya 29,000. Hatujagusa mifuko ya kufungia, mega, wala makato ya kupokea pesa kwa simu, Lumicash na EcoCash. Muuzaji mpya anayeliachia kwa 27,000 analala akiamini amepata faida ya elfu saba.

Hesabu hiyo nayo ni ya nyuma, ya mzigo ulioisha. Mfanyabiashara anayeagiza kutoka nje anatakiwa kuhesabu mzigo ujao. Mwezi wa Mei 2023 Benki Kuu, BRB, iliposhusha thamani ya faranga, bei rasmi ya dola ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo, na mtaani dola ilikuwa ghali zaidi ya hapo. Aliyekuwa amepanga bei kwa kutazama alichonunulia aliuza kila kitu, akafurahi, kisha akaenda kununua tena na kukuta fedha zake zinarudi na nusu ya begi. Faranga unazopokea leo lazima ziweze kununua gauni jingine kama hilo mwezi ujao. Bei ya kuanzia ipimwe hapo, hata kama binti wa ukurasa wa pili anauza chini yako. Huyo mwache, huenda bado hajarudi Dar es Salaam.

"Mrundi lazima apunguziwe, kwa hiyo zidisha mara mbili."

Nusu yake ni kweli. Kupunguziwa ni heshima, na muuzaji asiyetoa hata mia tano huonekana mkavu. Uongo uko kwenye kuzidisha. Mezani ukitaja 60,000 kwa gauni la 30,000 na mteja akageuka, unamwita: "Mama, rudi basi, wewe unatoa ngapi?" Biashara huanza hapo. Kwenye simu hakuna wa kumwita. Aliyeshtushwa na 60,000 hukumwona akija wala hukumwona akiondoka, na wewe utabaki ukisema ukurasa wako hauna bahati. Acha nafasi ndogo, sehemu moja ya kumi inatosha, na uwe umeamua bei ya mwisho kabla ya kuweka picha, usije ukaiamulia kwenye mazungumzo saa nne usiku ukiwa umechoka. Punguzo liwe na sababu inayoweza kutajwa: amechukua mbili, au anakuja kuchukua mwenyewe.

Wapo pia waliosoma masoko vyuoni wanaotaka kila bei iishie na tisa: 9,900 badala ya 10,000. Hawajaokota hilo hewani. Mwaka 2003 Eric Anderson na Duncan Simester walichapisha majaribio waliyofanya Marekani kwa katalogi ya nguo za kike, na gauni la dola 39 liliuzika kuliko lilipotangazwa kwa 44, na hata kuliko lilipotangazwa kwa 34. Ila mteja wa katalogi analipa bila kuonana na mtu. Wa kwetu mara nyingi analipa mlangoni, kwa noti ya 10,000, na mwenye moto, yaani pikipiki, aliyeleta mzigo hana mia moja ya chenji. Umempa kila mteja kisa kidogo cha kugombea. Andika elfu kumi.

"Tumia picha za mtandaoni, za kwako hazina mvuto."

Hapa washauri wameona ugonjwa wa kweli. Kurasa nyingi mpya zina picha za giza, nguo imetandikwa juu ya shuka la maua, na pembeni unaona ndoo na ndala. Hiyo inafukuza watu. Dawa waliyoandika ndiyo mbaya: kuchukua picha ya mwanamitindo aliyevaa gauni linalofanana na lako. Mteja atakachopokea kina kitambaa kingine na mkato mwingine, na atakirudisha au, mbaya zaidi, atakivaa na kueleza kila anayemuuliza alikonunua. Isitoshe, picha hiyohiyo imeshatumiwa na kurasa nyingine tano za mjini humu. Mteja makini anaitambua.

Picha nzuri haihitaji kamera. Futa kwanza lenzi, kwa sababu simu inayokaa mfuko mmoja na noti huwa na utando wa mafuta. Tundika nguo kwenye henga, mbele ya ukuta mtupu usio na rangi kali, barazani penye kivuli au kando ya dirisha, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Jua la saa sita hapa mjini huharibu rangi: nyekundu inakaribia machungwa, nyeupe inapotea kabisa na mishono yake. Zima taa ya simu. Taa hiyo hugeuza nguo nyeusi kuwa kijivu na satini kuwa plastiki. Piga mbele, nyuma, lebo, kitambaa kwa karibu, na kasoro. Ndiyo, kasoro, tena kwa karibu kuliko vyote.

Kisha chukua futikamba, kwa sababu "saizi L" haimsaidii mtu. Kwenye robota moja utakuta 12 ya Uingereza, ambayo ni takriban 8 ya Marekani na 40 ya Ufaransa, na chini yake L ya China inayombana anayevaa M ya Ulaya. Mteja wa simu hawezi kujipima kiunoni, basi mpimie. Maelezo yanayouza yako hivi: "Gauni la pamba, bluu iliyokoza, mtumba gredi ya kwanza. Kwapa hadi kwapa sm 48, kiuno sm 40 likiwa limelazwa, urefu kutoka begani sm 104. Kifungo kimoja cha mkononi kimebadilishwa. Bei 38,000." Mwanamke mwenye gauni lake analolipenda kabatini atalilaza kitandani, atalipima, na atajua ndani ya dakika mbili kama hili litamkaa.

Kuna wanaosema maelezo yaandikwe kwa Kifaransa ili nguo ionekane ya hadhi. Andika kwa lugha ambayo mteja wako ataulizia nayo. Buyenzi ni Kiswahili, kwingine ni Kirundi, na wengi wanachanganya vyote vitatu kwenye sentensi moja bila aibu.

Kuna pia wosia wa kutotaja neno mtumba. Huu haustahili aya ndefu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo, Marekani ikaisitishia kwenye nguo nafuu za AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, mwaka 2018, na majirani waliobaki wakalegeza kamba. (Burundi haikuwa na AGOA ya kupoteza, ilishaondolewa tangu Januari 2016.) Kitu kilichowashinda marais hakitafichwa na wewe kwa kuandika "nguo mpya kutoka Ulaya". Wengi hapa huutafuta mtumba kwa makusudi kwa sababu unadumu kuliko mpya ya bei rahisi, na wako tayari kulipia gredi ya kwanza. Ukikana ni mtumba, umekana sifa yake.

La mwisho ni "andika tunafikisha bure, watu wanapenda bure."

Watu wanapenda, na mtu fulani analipa. Machi 2022 moto, baiskeli na tuktuk zilizuiwa kuingia katikati ya mji, na uhaba wa mafuta umefanya nauli ya leo isiwe ya kesho. Ukiahidi bure, unalazimika kuingiza safari ya mbali kabisa kwenye bei ya kila nguo. Mteja anayekaa mitaa miwili kutoka kwako anamlipia wa Kanyosha bila kujua, naye akikulinganisha na wengine anakuona ghali. Weka nauli mbali na bei, itaje kwa mtaa, na ibadilishe mafuta yakibadilika. Chagua sehemu moja ya kuchukulia na siku mbili za wiki za kupeleka. Mwambie mwenye moto asubiri dakika kumi mteja aijaribu nguo, na hizo dakika mlipe. Mteja wa Kinama anaijua nauli ya kufika kwake kuliko unavyoijua wewe, na hatakushukuru kwa "bure" aliyoilipia ndani ya gauni.