Injini ya Canter ikichoka: tajiri apige hesabu ya msimu kabla ya kwenda gereji

Mavuno ya mpunga Madibira hushika kasi kati ya Mei na Julai. Katika miezi hiyo kila chombo chenye magurudumu kina kazi: kutoa mpunga majarubani, kuufikisha mashineni, na kupeleka mchele Rujewa, Igawa au kuupandisha Mafinga. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo magari ya zamani hufia njiani. Hapo hakuna mkosi. Gari lililokuwa likibeba mizigo miepesi tangu Desemba huambiwa ghafla libebe tani zake zote, na pengine zaidi ya zake, nalo lina injini ambayo kwa miezi mingi imekuwa ikila oili bila mtu kujali.

Swali linalofuata linajulikana: injini itengenezwe au inunuliwe nyingine? Kwa maoni ya ukurasa huu, swali hilo huulizwa mahali pasipo pake na wakati usio wake. Huulizwa gereji, injini ikiwa imekwisha fumuliwa, mzigo wa mteja ukiwa bado juu ya gari, na mjibuji akiwa fundi ambaye analipwa kwa jibu lake. Lingefaa kuulizwa mwezi Februari au Machi, na kujibiwa na mwenye mtaji akiwa na kalamu mkononi. Kwa wengi wa wenye magari ya mizigo katika bonde hili, jibu sahihi litakuwa kuifanyia ovahoo kamili injini ile ile, mradi bloku na krenki viwe vizima. Injini ya mtumba ni chaguo la pili. Kuweka viraka ndiyo hasara kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo inayopendwa zaidi kwa sababu huanza na fedha kidogo.

Tukumbuke magari haya yalivyotufikia. Tangu serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, gari la mtumba limekuwa ndilo gari la mfanyabiashara mdogo nchini. Mitsubishi Canter zenye injini za 4D32 na 4D33, pamoja na Toyota Hiace za 3L na 5L, zimeenea kwa sababu moja kubwa: injini zake hazina komputa, spea zake zinapatikana, na fundi wa kawaida anazifahamu. Faida hiyo ni mtaji. Anayeitupa injini ya namna hiyo kwa sababu imeanza kutoa moshi anatupa pia urahisi wa kuitengeneza.

Hatua ya kwanza ni kupima kabla ya kufungua. Moshi wa bluu unaoendelea huonyesha kwamba oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta, huelekeza kwenye gasketi au hedi ya silinda. Moshi mweusi mara nyingi ni suala la nozeli, pampu ya dizeli au chujio la hewa lililojaa vumbi, na hapo si lazima injini ifunguliwe hata kidogo. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: moshi ukitoka kwa nguvu, ringi na silinda zimelika. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Kipimo cha kompresheni kwa kila silinda hugharimu kidogo sana kikilinganishwa na kufumua injini bila sababu. Tajiri adai aandikiwe majibu, silinda moja moja.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko. Kila mmoja aweke zake. Tuseme gari humletea tajiri sh. 50,000 kwa siku baada ya kutoa mafuta, dereva na utingo. Ovahoo kamili ni sh. 3,000,000. Injini ya mtumba, pamoja na kufungwa, ni sh. 4,500,000, na gari husimama siku 4. Kiraka, yaani ringi mpya na gasketi bila kuchonga chochote, ni sh. 600,000.

Tofauti kati ya ovahoo na injini ya mtumba ni sh. 1,500,000. Igawanye kwa mapato ya siku na utapata siku 30. Ongeza zile siku 4 za kufunga. Maana yake ni kwamba ovahoo inabaki kuwa nafuu hadi fundi atakapolikalia gari kwa zaidi ya siku 34. Akimaliza kwa siku 14, hata kama ni katikati ya mavuno, tajiri ameokoa sh. 1,000,000. Kazi hiyo ikifanywa Machi, wakati mvua zinaendelea na mizigo ni michache, anaokoa zaidi. Lakini krenki ikipelekwa Mbeya kuchongwa, pistoni zikasubiriwa kutoka Dar es Salaam, na fundi akawa na magari sita mengine uani, siku 34 hupita upesi. Kwa hiyo makubaliano na fundi yawe na tarehe ya kumaliza, na spea zote ziwe zimepatikana kabla ya gari kuegeshwa.

Na kiraka? Gari lililorudishwa barabarani kwa sh. 600,000 likisimama siku 15 katikati ya msimu, tajiri amepoteza sh. 750,000 za mapato. Jumla ni sh. 1,350,000, bila kutaja gharama za kuvutwa wala mteja aliyehamia kwa mwingine. Baada ya hapo ovahoo bado inamsubiri, na pengine krenki ambayo ingechongwa sasa imeharibika kabisa.

Wapo watakaosema kwamba ovahoo nyingi hazidumu. Ni kweli, na sababu zake zinajulikana. Ya kwanza ni ovahoo ya nusu: pistoni mpya ndani ya silinda iliyolika, au beringi mpya juu ya krenki ambayo haikupimwa. Beringi huuzwa kwa vipimo, 0.25, 0.50, 0.75 na kuendelea, kulingana na krenki ilivyochongwa; asiyepima anabahatisha. Ya pili ni spea feki. Tajiri anunue mwenyewe, adai risiti ya EFD, na akabidhiwe spea zote za zamani zilizotolewa. Ya tatu ni kuacha kilichoiua injini ya kwanza kiendelee kuwapo. Safari ya kutoka tambarare ya Usangu, kwenye kimo cha mita 1,000 hivi, hadi Mafinga iliyo juu ya mita 1,800 huipa injini joto jingi. Rejeta iliyoziba, feni iliyolegea na themostati iliyong'olewa na fundi vitaiua injini mpya kama vilivyoiua ya zamani. Ya nne ni haraka. Injini iliyotoka ovahoo inahitaji mizigo miepesi kwa kilomita 1,000 za mwanzo, kisha oili ibadilishwe. Hii ni sababu nyingine ya kuifanya Machi badala ya Juni.

Hata hivyo, ziko hali ambazo injini nyingine ndiyo jibu. Bloku ikiwa imepasuka, konrodi ikiwa imetoboa ubavu, au krenki ikiwa imekwisha chongwa hadi kipimo cha mwisho, usibishane na chuma. Kanunue, lakini nunua kama mfanyabiashara. Usikubali injini iliyopakwa rangi ikawekwa juu ya matairi. Iwashwe mbele yako, ipimwe kompresheni, na dhamana ya muuzaji iwe kwa maandishi yenye idadi ya siku. Kama ni injini ya kisasa inayoendeshwa kwa komputa, inunuliwe pamoja na komputa na nyaya zake; bila hivyo umenunua chuma. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadili injini, TRA waarifiwe na bima irekebishwe, la sivyo utakuja kusumbuliwa siku ya ajali au siku ya kuuza.

Hali ya tatu ni kuuza gari lenyewe. Kama chesisi imepasuka, gia zinaruka na difu inalia, injini nzuri haitaokoa chochote. Kipimo chetu ni hiki: gari lililotengenezwa lirudishe gharama zake ndani ya misimu miwili ya mavuno. Likishindwa, madalali waitwe. Lakini anayefikiria kuagiza jingine Japani ahesabu yote: bei, meli, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa ziada unaotozwa magari yenye umri mkubwa. Wengi huona bei ya kwenye tangazo tu, kisha hukopa ili kulitoa gari bandarini, na msimu mzima wa kwanza wanalifanyia kazi deni.

Jambo hili linawahusu pia wale wasioendesha gari wala kukaa Madibira: mwalimu, muuza duka au mstaafu aliyeweka akiba yake kwenye Canter na kungoja hesabu kila jioni. Hesabu anayopokea si faida yote. Sehemu yake ni injini inayolika kidogo kidogo kila safari. Katika mfano wetu, kutenga sh. 5,000 katika kila sh. 50,000 kungetimiza sh. 3,000,000 za ovahoo baada ya siku 600 za kazi, bila kukopa kwa mtu. Asiyetenga chochote hula mtaji wake akidhani anakula faida, na hugundua siku gari linapokufa likiwa na magunia juu.

Ushauri wetu kwa wenye magari wa Madibira, Rujewa na Mafinga ni huu: gari lipimwe Februari, uamuzi ufanywe kwa karatasi, na kazi iishe kabla ya Aprili kwisha. Mei ni mwezi wa kubeba mpunga.