Samaki Wakihema Alfajiri, Tutazame Maji Kwanza

Huenda mtashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia samaki. Tumezoea kuwaletea habari za malaria, kichocho na lishe ya watoto. Lakini katika kutembelea jumuiya ndogo ndogo za Buhigwe tumekutana na jambo linalogusa yote matatu kwa mpigo, nalo ni bwawa la samaki la nyumbani.

Sababu za kuchimba mabwawa zinaeleweka. Dagaa na migebuka hutoka mbali, ziwani, na bei hupanda kila wanapoadimika. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, kila mama aliyekwenda sokoni alijua maana yake. Mabonde yetu yana chemchemi, udongo wa mfinyanzi unashika maji, na perege anakula pumba na majani. Mtoto anayekula samaki mara mbili kwa wiki anapata chakula cha kujenga mwili ambacho ugali na maharage peke yake havimtoshelezi. Basi tunaunga mkono mabwawa. Kinachotusikitisha ni namna tunavyoyatibu yanapopatwa na shida.

Mama mmoja, mwanajumuiya mwenzetu, aliamka siku moja akakuta perege wake wameinua midomo juu ya maji, wanahema. Wakubwa wawili walikuwa wameshakufa. Mumewe akaenda dukani akanunua vidonge vya rangi mbili, akavifungua kimoja kimoja na kumwaga unga wake bwawani. Siku ya tatu karibu samaki wote walikuwa wameelea. Tulipofika pale miezi michache baadaye bwawa lilikuwa limeachwa, nyasi zimeota hadi katikati, na watoto wawili walikuwa wametoka zahanati kwa malaria. Hatusemi kwamba homa ile ilitoka bwawani pale. Mbu huruka, na madimbwi ni mengi. Lakini bwawa lisilo na samaki, lenye nyasi na maji yaliyotulia, ni kitalu cha mbu nyuma ya nyumba.

Tulimwuliza baba wa nyumba kwa nini alitumia vidonge vile. Akajibu, "Jamani, kiumbe akiumwa si tunampa dawa?" Jibu hili tumelisikia kwa wengi, na hapo ndipo penye kosa. Samaki wale hawakuwa na vijidudu vya kuuawa na tetrasaiklini. Walikuwa wanakosa hewa.

Tueleze kidogo. Ule ukijani wa maji ni mimea midogo sana. Mchana, kwa msaada wa jua, mimea hiyo hutoa hewa ya oksijeni ndani ya maji. Usiku haitoi; nayo pia huvuta, pamoja na samaki na uchafu unaooza chini. Kwa hiyo saa ambayo bwawa lina hewa kidogo kabisa ni alfajiri, kabla ya jua kuchomoza. Mtu akimwaga samadi nyingi na pumba ambazo haziliwi zikaisha, kuna usiku mmoja hewa itakwisha. Samaki wakubwa hufa kwanza, maana wao huhitaji zaidi. Aghalabu hutokea baada ya siku za mawingu, wakati mimea haikupata jua la kutosha.

Tena kuna sumu ambayo samaki huitoa wenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, kama sisi tunavyotoa mkojo. Katika maji yenye afya wako bakteria wema wanaoigeuza amonia hiyo hatua kwa hatua hadi isidhuru. Ukimwaga dawa ya kuua bakteria, unaweza kuwaua hao wafanyakazi wako. Isitoshe, vijidudu vinavyobaki hujifunza kuistahimili dawa, na kesho mwanao akiugua kweli kidonge kilekile hakitamsaidia. Dawa za binadamu zitumike kwa binadamu, tena kwa agizo la mganga.

Jambo hili linajulikana vizuri na watu ambao hatukutazamia watufundishe. Huko Ulaya na Marekani wako wafugaji wanaoweka samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika katika matangi ya kioo sebuleni. Ndiyo, samaki wa kwetu, wale wadogo wa mawe ambao hapa hakuna mtu angewatia sufuriani, husafirishwa kwa ndege wakiwa hai na kuuzwa kwa fedha nyingi. Wafugaji hao, samaki akilala ubavu, hupima maji kwanza kabla ya kufikiria dawa. Hubadili sehemu ya maji, hupunguza chakula, na tangi jipya huliacha wiki kadhaa ili bakteria wema wazaliane ndipo walijaze samaki. Maji ya bomba yenye klorini huyatia dawa ya kuiondoa, au huyaacha wazi siku nzima. Bwawa letu ni tangi lilelile, ila kuta zake ni za udongo na halina mashine ya kusukuma hewa. Kama mtu anayefuga kwa kujifurahisha anachunga maji hivyo, sisi tunaofuga kwa ajili ya sahani ya mtoto tunapaswa kufanya nini?

Basi, ukikuta samaki wanahema alfajiri, acha kabisa chakula na samadi. Fungulia maji mapya, yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa, na kama mtambo wako unaruhusu toa yale ya chini yenye uchafu. Penye mfereji mdogo, watoto na wachote kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, au mpige maji kwa matawi. Ni kazi ya kuchosha lakini huokoa. Usimwage chokaa saa hiyo. Chokaa ni nzuri kwa kuandaa bwawa, hasa kwenye udongo wetu mwekundu wenye tindikali, lakini ukiimwaga juu ya samaki waliobanwa na uchafu, amonia huwa kali zaidi.

Na ili usifike huko, tumbukiza mkono wako bwawani hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea macho maji yanapofika kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, simamisha samadi. Samaki 2 au 3 kwa mita 1 ya mraba wanatosha kwa bwawa lisilo na mashine. Miezi ya Juni na Julai, usiku wetu wa milimani ukiwa wa baridi, perege hula kidogo mno. Pumba unazozidisha wakati huo zinaoza tu. Ndicho kipindi pia ambacho samaki walioparuzwa na nyavu huota ukungu kama pamba. Huyo anaweza kuogeshwa katika maji ya chumvi, gramu 200 kwa ndoo ya lita 20, kwa dakika 10 hivi, ukimtazama. Akipinduka mtoe mara moja.

Magonjwa ya kuambukiza yapo, hatukatai. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari juu ya kirusi kinachoua sato na perege, hakimdhuru binadamu. Kwa hiyo usichukue vifaranga kwa jirani ambaye samaki wake wanakufa, na nyavu za kuazima zianikwe juani hadi zikauke kabisa. Wakifa wengi bila sababu unayoiona, mwite afisa uvuvi wa wilaya.

Lakini wakifa wote kwa saa chache, wakubwa kwa wadogo, tena mchana, fikiria sumu. Huenda mtu ameosha bomba la kupulizia dawa za kahawa huko juu ya kijito, au ametwanga utupa. Samaki hao wasiliwe, hata na mbwa. Wafukiwe mbali na kisima. Samaki uliyemkuta amekufa asiliwe pia, hata kama roho inauma. Anayehema bado akiwa hai kwa kukosa hewa tu, huyo mvue, mpasue, mpike aive vizuri.

Turudi kwa bwawa lililoachwa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha habari za mabwawa ya namna hiyo huko Kisii, Kenya. Walipoyatia sato, katika muda wa wiki 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Samaki huwala. Ila hawezi kuwafikia ndani ya nyasi za kingo, kwa hiyo kingo zifyekwe. Na penye magugu ndipo konokono wa kichocho hujificha. Hatuli kichocho kwa kula samaki, tunakipata kwa kusimama majini. Mtoto asitumwe kuoga humo.

Hapa tunasema wazi, na tunajisema wenyewe pia. Mara nyingi miradi huja, huchimba, hugawa vifaranga, hupiga picha na kuondoka. Hata kamati zetu za parokia hupenda siku ya kuchimba kuliko mwezi wa sita wa kulinda. Tunapendekeza kwamba asigawiwe mtu kifaranga hata kimoja kabla hajafundishwa kuyapima maji kwa mkono wake. Na asiyetaka tena kufuga alikaushe bwawa, alifukie, apande mboga.

Yule mama na mumewe walifyeka, wakakausha bwawa majuma mawili, wakatoa tope jeusi na kulipeleka migombani. Wametia vifaranga upya, wachache kuliko mwanzo, na mumewe ndiye anayeamka alfajiri kutazama.